Kuondoa balansi shafti kwenye injini ya silinda nne

Injini ya silinda nne zilizopangwa kwa mstari ina mtetemo usioondoka hata krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ikisawazishwa vizuri namna gani. Pistoni hukimbia zaidi ikiwa nusu ya juu ya mwendo wake kuliko ikiwa nusu ya chini, kwa hiyo nguvu za pistoni mbili zinazopanda na mbili zinazoshuka hazifutani kabisa, na kinachobaki huitikisa injini juu na chini mara mbili katika kila mzunguko. Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hali hiyo dawa mwanzoni mwa karne ya 20: balansi shafti, yaani shafti mbili zenye uzito upande mmoja, zinazozunguka kinyume kwa kinyume kwa kasi maradufu ya krankishafti. Mitsubishi iliurudisha mpango huo sokoni katika miaka ya 1970, na Porsche ilinunua haki ya kuutumia kwenye gari lake la 944.

Wanaoziondoa shafti hizi wana sababu ya haki. Kwenye injini ya Mitsubishi 4G63, shafti moja huendeshwa na mkanda mwembamba uliojificha nyuma ya mkanda wa taimingi (mkanda mkubwa unaoratibu valvu na pistoni), na ya pili imefungwa kwenye gia ya pampu ya oili. Mkanda huo ukikatika, vipande vyake vinaweza kuingia kwenye mkanda mkubwa, taimingi ikaruka na valvu zikagonga pistoni. Hata hivyo, kwa gari la matumizi ya kila siku ambalo shafti zake ni nzima, ninashauri kubadilisha mikanda yote miwili kwa pamoja na kuziacha shafti mahali pake, kwa sababu nguvu ya mtetemo huongezeka kwa mraba wa kasi: kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika ni mara nne ya ile ya 3,000. Injini ya mashindano ni jambo jingine.

Ukiamua kuondoa, ondoa zote mbili. Kukata mkanda mwembamba na kuiacha shafti ya pili izunguke peke yake ni kosa baya, kwani shafti hizi hufutiana nguvu za pembeni. Ikibaki moja, injini hutikisika pia kulia na kushoto, jambo ambalo haikuwa nalo hata bila shafti yoyote.

Nitaeleza kazi yenyewe kwa 4G63. Mwaga oili, weka silinda ya kwanza juu kabisa kwa alama za taimingi, kisha toa puli ya krankishafti, kava na mkanda wa taimingi. Ubavuni mwa bloku kuna plagi. Ifungue na uingize bisibisi yenye mwili wa milimita 8 ili kuizuia shafti isizunguke unapofungua nati ya spoketi ya pampu ya oili. Toa mkanda mwembamba pamoja na kikazio chake, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) na chujio la kunyonyea oili, legeza bolti inayofunga gia ya pampu kwenye shafti, kisha toa kava ya mbele ukiweka alama kwenye bolti zake, maana hazilingani urefu. Baada ya hapo shafti zote mbili huvutwa nje kwa mkono.

Sehemu inayofuata ndiyo inayoamua kama injini itaishi. Bushi za shafti (pete ambamo shafti huzunguka) zilizo ndani ya bloku hulishwa oili kupitia vitundu vidogo, na shafti zikishatoka, vitundu hivyo hubaki wazi na kumwaga kwenye sampu oili iliyokusudiwa krankishafti. Ng'oa kila bushi na uirudishe ikiwa imegeuzwa, ili mwili wake mzima uzibe njia ya oili. Mulika kwa tochi: ukiona hata mwezi mwembamba wa kitundu, bushi haijageuzwa vya kutosha. Mahali pa shafti iliyofungwa kwenye gia ya pampu huwekwa kishafti kifupi cha kuishikilia gia hiyo. Ukikitengeneza kwa kukata shafti ya zamani, ziba tundu la oili lililo katikati yake. Tundu la shafti ya pili kwenye kava ya mbele huzibwa kwa plagi, na spoketi ndogo ya krankishafti hurudishwa ilipokuwa kwa kuwa hushika nafasi.

Kwenye injini nyingine nyingi shafti hukaa ndani ya sampu pamoja na pampu ya oili, na huko hakuna cha kukata: hutafutwa pampu kamili isiyo na shafti, kama ile ya injini ndogo ya Honda K20 ambayo mafundi huifunga kwenye injini kubwa zaidi ya K24.

Tukirudi kwenye 4G63, ukishafunga sampu na kujaza oili, zungusha spoketi ya pampu kwa drili, kuelekea upande uleule wa krankishafti, mpaka geji ionyeshe presha. Ndipo ufunge mkanda wa taimingi. Alama ya spoketi hiyo haina kazi tena. Injini ikiwaka, soma geji ikiwa baridi na tena ikishapata moto. Presha ikiwa chini, kuna bushi inayovuja, na ni lazima ufungue upya. Presha ikipanda kupita kiasi, tundu la valvu ya kupunguza presha kwenye nyumba ya filta halitoshi kupitisha oili ambayo sasa haina pa kwenda, na hupanuliwa kidogo kwa uangalifu, bila kugusa kuta ambamo valvu huteleza.