Somo: Kusafisha na Kukagua Dohani ya Nyumba Kongwe Kabla ya Baridi ya Juni

Nyumba nyingi za mawe zilizojengwa Nairobi kabla ya uhuru, katika mitaa kama Muthaiga, Karen, Lavington na Kileleshwa, zina meko ya kuotea moto sebuleni na dohani inayopenya paa la vigae vya Mangalore. Meko hayo hukaa bila kazi sehemu kubwa ya mwaka, kisha baridi ya Juni hadi Agosti inapoingia, moto huwashwa chini ya njia ya moshi ambayo pengine haijatazamwa na mtu kwa miaka mingi. Somo hili linaeleza jinsi fundi anayeijua kazi anavyopaswa kuifanya, ili mwenye nyumba au mpangaji aweze kumsimamia na kumuuliza yanayostahili kuulizwa. Kufagia masizi na kukagua dohani ni kazi mbili tofauti, na katika nyumba kongwe ukaguzi ndio wenye uzito zaidi. Dohani inaweza kufagiwa ikatakata na bado ikaunguza nyumba, kwa sababu hatari haimo katika masizi pekee, bali pia katika nyufa zilizokuwa zimefichwa na masizi hayo.

Kinachokusanyika ndani ya dohani

Moshi wa kuni hubeba mvuke wa maji, lami na chembe ambazo hazikuungua. Moshi huo unapopanda na kupoa chini ya takriban nyuzi 120 za Selsiasi, lami yake huganda kwenye kuta za dohani, na mabaki hayo ndiyo yanayoitwa kreosoti. Mwanzoni huwa vumbi jeusi linalofagika kwa urahisi. Baadaye hugeuka kuwa magamba magumu. Na moto wa kufukafuka ukiendelea msimu baada ya msimu, huwa utando mzito unaong'aa ambao burashi ya kawaida haiwezi kuung'oa. Kreosoti ikishika moto, joto ndani ya dohani linaweza kupita nyuzi 1,000.

Chanzo kikubwa ni kuni mbichi. Kuni za mkaratusi zinazouzwa kando ya barabara mara nyingi zimekatwa karibuni, na moto hupoteza nguvu kwa kukausha maji badala ya kuunguza moshi. Kuni zinazofaa ni zile ambazo unyevu wake umeshuka chini ya asilimia 20, yaani zimepasuliwa, zikapangwa mahali penye upepo na paa juu, zikakaa angalau miezi sita. Mwenye nyumba anayenunua kuni za Juni katika mwezi wa Mei amechelewa.

Hatua ya kwanza: kuchagua wakati

Ninapendekeza wiki za mwisho za mvua ndefu, kuelekea mwisho wa Mei. Mvua huwa tayari imeonyesha mahali dohani inapovuja, kwani alama za maji kwenye dari na kwenye ukuta wa meko bado ni mbichi, na msimu wa kuwasha moto haujafika. Siku yenyewe ya kazi lazima iwe kavu, kwa sababu vigae vilivyoloa huteleza na vile vya zamani huvunjika kirahisi chini ya mguu. Fundi alaze ngazi au mbao juu ya paa ili uzito wake ugawanyike. Moto usiwashwe kwa muda wa saa 24 au zaidi kabla hajafika.

Hatua ya pili: kuhakikisha dohani haina wakazi

Hatua hii hurukwa mara nyingi, na hapa Nairobi kuiruka kunaweza kuhatarisha maisha. Nyuki hupenda dohani iliyopoa, na nyuki wetu wa Afrika Mashariki hulinda mzinga wao kwa ukali mkubwa. Kabla ya burashi yoyote kuingia, fundi asimame uani wakati wa jua na atazame kilele cha dohani kwa muda, aone kama kuna wadudu wanaoingia na kutoka. Wakiwapo, kazi isimame na aitwe mrina asali mwenye mavazi kamili. Tafadhali msiwashe moto ili kuwafukuza: nta huyeyuka na kushika moto, na kundi lililokasirika linaweza kushukia sebuleni. Baada ya nyuki kuondolewa, masega yote yatolewe, la sivyo harufu yake italivuta kundi jingine.

Viota vya ndege havina hatari ya namna hiyo, lakini huziba njia na kurudisha moshi chumbani. Kukiwa na makinda, subirini yaruke.

Hatua ya tatu: ukaguzi kutoka chini

Fundi ajifunike kwanza: barakoa ya kuchuja vumbi laini, miwani, glavu na nguo za mikono mirefu. Mwaka 1775 daktari Mwingereza Percivall Pott alieleza kwamba saratani fulani iliwapata mno wafagiaji wa dohani, na alihusisha ugonjwa huo na masizi. Hata hivyo, bado tunaona vijana wakiajiriwa kwa siku moja na kuingizwa kwenye meko wakiwa na kitambaa tu usoni. Jambo hilo linanihuzunisha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na barakoa nzuri ni gharama ndogo sana mbele ya mapafu ya mtu.

Kwa tochi na kioo, fundi atazame matofali ya ndani ya meko, viungo vyake, na kilango cha chuma kinachofungua na kufunga njia ya moshi. Katika nyumba zilizokaa bila kutunzwa, kilango hicho mara nyingi kimeshikwa na kutu kikiwa nusu wazi, na mwenyeji hajui kama kipo.

Kiwango cha Marekani kiitwacho NFPA 211 hugawa ukaguzi katika ngazi tatu, na mgawanyo huo unafaa kufuatwa hata hapa kwetu. Ngazi ya kwanza ni ya kila mwaka, kwa dohani inayojulikana na inayotumika vilevile kama zamani. Ngazi ya pili huhitajika nyumba inapouzwa, aina ya nishati au chombo cha moto inapobadilishwa, au baada ya moto wa dohani. Nayo hutumia kamera na huingia hadi darini. Ngazi ya tatu hubomoa sehemu ya ukuta pale tu panapokuwa na shaka kubwa. Kwa nyumba kongwe ambayo historia yake huijui, anza na ngazi ya pili.

Hatua ya nne: kufagia

Sakafu na samani zifunikwe kwa turubai, na mdomo wa meko uzibwe kwa plastiki, huku mashine ya kufyonza yenye kichujio cha vumbi laini ikifanya kazi. Burashi iwe na ukubwa unaolingana na njia ya moshi, ya waya kwa dohani ya mawe au matofali, na ya plastiki pale ambapo bomba la chuma kisichoshika kutu limewekwa ndani. Fito zake huunganishwa moja baada ya nyingine hadi burashi ifike kileleni. Rafu iliyo nyuma ya kilango isisahauliwe, kwani masizi, majani na mizoga ya ndege hujikusanya hapo. Kreosoti yenye unene wa milimita 3 haipaswi kuachwa. Masizi yatiwe katika mifuko iliyofungwa; yasimwagwe katika bustani ya sukuma wiki.

Hatua ya tano: ukaguzi baada ya kufagia

Hapa ndipo fundi wa kweli hujitofautisha na mfagiaji. Ukuta ukiwa safi, kamera hushushwa polepole kutoka kileleni huku kila kiungo kikitazamwa. Dohani nyingi kongwe hazina bitana yoyote ndani: moshi hugusa moja kwa moja mawe na chokaa iliyoyashikanisha. Maji ya mvua yakichanganyika na masizi huwa na asidi, na asidi hiyo hula chokaa mwaka baada ya mwaka hadi viungo vinabaki mashimo. Kupitia mashimo hayo, cheche huweza kufika kwenye dari, na hewa ya sumu huweza kuingia chumba cha kulala kilicho upande wa pili wa ukuta.

Kisha fundi apande darini. Atazame kama boriti za paa zinaigusa dohani au, vibaya zaidi, zimejengewa ndani yake. Viwango vya sasa hudai nafasi ya takriban sentimita 5 kati ya mbao na dohani iliyo ndani ya nyumba, lakini wajenzi wa zamani hawakuizingatia daima. Mbao inayopashwa joto kwa miaka mingi hubadilika taratibu na kuanza kuungua katika joto ambalo mbao mpya ingelistahimili. Kwa hiyo hoja kwamba nyumba imekaa miaka 80 bila kuungua haimhakikishii mtu usalama wa mwaka huu.

Hatua ya sita: juu ya paa

Utosi wa saruji unaofunika kilele usiwe na ufa, na dohani iwe na kofia ya kuzuia mvua pamoja na wavu wa kuzuia ndege na cheche. Mabati yanayoziba kiungo kati ya dohani na vigae yakaguliwe. Urefu nao una kanuni: kilele kiwe angalau sentimita 90 juu ya mahali dohani inapotokea paani, na sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho karibu kwa mita 3.

Hatua ya saba: ripoti na moto wa kujaribu

Dai ripoti ya maandishi yenye picha za kamera, kabla ya kulipa salio. Ikiwa dohani imepita ukaguzi, fundi awashe gazeti moja chini ya njia ya moshi ili kuipasha joto, kisha moto mdogo wa kuni kavu, na wote watazame kama moshi unapanda bila kusita.

Maswali ya wanachama

*Mpangaji, Kileleshwa: Asante mwalimu. Mwenye nyumba amesema dohani haijatumika kwa muda mrefu. Je, ninaweza kuweka jiko la makaa ndani ya meko, kwa kuwa makaa hayatoi moshi?*

Hapana, ndugu, usifanye hivyo. Makaa hayatoi moshi mwingi unaoonekana, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huua watu usingizini. Ikiwa dohani imezibwa na kiota, gesi yote hubaki chumbani nawe. Mwombe mwenye nyumba aifanyie ukaguzi kwanza, na hata baada ya hapo weka kifaa cha kutambua gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala.

*Mama mwenye nyumba, Lavington: Fundi wa ujenzi ameona viungo vimelika, akashauri tupige lipu ya saruji ndani yote. Ni sawa?*

Si sawa, mama. Saruji ya kawaida hupasuka ikipata joto kali na kupoa mara kwa mara, kisha vipande vyake huanguka na kuziba njia. Suluhisho la kudumu zaidi ni kuteremsha bomba la chuma kisichoshika kutu lenye ukubwa unaolingana na mdomo wa meko. Viungo vya ndani ya meko vijazwe kwa mchanganyiko uliotengenezwa kuhimili moto, pamoja na matofali ya aina hiyo.

*Mwanachama, Muthaiga: Tangu tubadilishe madirisha ya zamani na kuweka ya alumini, moshi unarudi sebuleni, ingawa dohani imefagiwa.*

Moto unahitaji hewa ya kuchukua nafasi ya ile inayopanda na moshi. Madirisha yenu ya zamani yalipitisha hewa hiyo bila ninyi kujua. Haya mapya yameifungia nje. Fungueni dirisha kidogo upande wa upepo na mzime feni ya jikoni inayovuta hewa, kisha mwashe tena. Hali ikibaki vilevile, pimeni: eneo la ndani ya njia ya moshi liwe takriban sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo wa meko. Kumbukeni pia kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu nyepesi huvuta moshi kwa nguvu kidogo kuliko ile ya Mombasa.

*Mzee, Karen: Nina boila ya kuni nyuma ya nyumba. Bomba lake la moshi ni la kijivu, linafanana na saruji, na limeanza kumeguka. Naweza kulipiga burashi?*

Mzee wangu, usiliguse. Mabomba ya aina hiyo katika nyumba za zamani huenda yana asbesto, na nyuzi zake zikipeperuka na kuvutwa huleta maradhi ya mapafu yanayojitokeza miaka mingi baadaye. Acha kuiwasha boila, zuia watoto wasifike hapo, na utafute mkandarasi mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ya kushughulikia taka hatari.

*Mwanachama, Loresho: Moto ukiwaka ndani ya dohani tufanye nini? Na nitajuaje kama nyumba niliyonunua iliwahi kupatwa na moto wa aina hiyo?*

Mtasikia mngurumo mzito na pengine mtaona cheche kileleni. Toeni kila mtu nje, funga mlango wa sebule, na pigeni 999 au 112. Msimwage maji kwenye meko, kwa kuwa mawe yaliyopata joto kali hupasuka yakimwagiwa maji, na mvuke wake huunguza. Hata moto ukijizima wenyewe, zimamoto waje wakague dari.

Dalili za moto wa zamani ni kreosoti iliyofura na kuwa nyepesi kama sifongo, kilango cha chuma kilichopinda, bitana iliyopasuka kwa mistari mirefu, na vigae vilivyobadilika rangi kuizunguka dohani. Ukiona hata moja kati ya hizo, acha meko yako bila moto mpaka kamera ipite.