Gia Ngumu kwenye Gari Kuukuu: Pima Kabla ya Kushusha Giaboksi

Gia zikianza kugoma, neno la kwanza utakaloambiwa gereji ni kwamba giaboksi imekufa, ishushwe. Mara nyingi sivyo. Kwenye gari za manyuali zilizokula miaka, iwe keri (Suzuki Carry), Escudo, Hiace au Dyna ya shamba, ugumu wa gia huanzia nje ya giaboksi: klachi isiyoachia sawasawa, kebo iliyoshika kutu, kibushi cha plastiki kilichosagika, au oili isiyo yake. Karibu yote hayo hupimwa kwa nusu saa bila kufungua bolti hata moja. Kushusha giaboksi ni kazi ya siku nzima, na ikipandishwa bila ugonjwa wenyewe kuguswa, gia zitabaki vile vile na pesa imeshakwenda.

Anza na jambo la kijinga kuliko yote: tazama chini ya pedeli ya klachi. Zulia lililokunjika, au kipande cha busati kilichotandikwa juu ya zulia, huzuia pedeli kufika mwisho. Sentimita mbili zikipotea hapo zinatosha kuifanya namba moja ikatae kuingia.

Jaribio la injini iliyozimwa

Weka gari pahala tambarare, vuta hendibreki, zima injini. Kanyaga klachi hadi mwisho, kisha pitisha gia zote pole pole, moja hadi tano na rivasi. Shika kirungu kwa vidole, usikikumbatie kwa kiganja, maana kiganja kina nguvu nyingi na hakisikii kitu. Gia moja ikikataa kuingia, achia klachi, kanyaga tena, jaribu upya. Huenda meno yamekutana ncha kwa ncha tu. Baada ya hapo washa injini, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, rudia vile vile.

Gia zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, zikagoma ikiwashwa, tatizo ni klachi. Haiachii, kwa hiyo shafti inayoingia kwenye giaboksi bado inazungushwa na injini, nawe unalazimisha meno yaingie kwenye kitu kinachokwenda. Zikiwa ngumu hali zote mbili, iache klachi, kagua liva (mti wa gia), kebo na oili. Ikiwa ni gia moja tu inayosumbua na nyengine zote ni nzuri, hapo ndipo giaboksi yenyewe inaposhukiwa.

Thibitisha kwa rivasi. Katika gari nyingi za zamani rivasi haina singi za kulinganisha mwendo, kwa hiyo haifichi siri. Injini ikinguruma taratibu, kanyaga klachi, hesabu mpaka tano, ndipo uingize. Ikikwaruza, klachi inaburuza. Jaribio la mwisho: ingiza namba moja, shikilia klachi chini kabisa, achia breki lakini mguu uwe juu yake, ongeza mafuta kidogo. Gari ikitaka kujivuta mbele, jibu umeshalipata. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari wakati huo.

Klachi ya mafuta

Gari zenye klachi ya mafuta, yaani inayosukumwa na mafuta ya breki badala ya kebo, zina masta silinda juu, karibu na pedeli, na silinda ya chini ubavuni mwa giaboksi. Fungua kikopo cha mafuta. Yakiwa mapya huwa meupe au ya manjano hafifu. Yakishakuwa kama maji ya ukwaju yamezeeka na yamevuta unyevu. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili si anasa. Tumia DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Usithubutu kujazia oili ya injini au ya usukani hata kwa dharura ya kufika nyumbani, kwani raba zote za ndani zitavimba na utanunua silinda mbili badala ya chupa moja.

Sasa pampu pedeli mara tatu haraka haraka, kisha ingiza gia. Ikilainika, kuna hewa kwenye bomba au raba ya silinda imechoka. Halafu ingiza namba moja injini ikiwa inawaka, kanyaga klachi na uishikilie bila kuitikisa kwa dakika moja, mguu mwengine ukiwa kwenye breki. Gari ikianza kusukuma yenyewe hali mguu haujasogea, masta inapitisha mafuta ndani kwa ndani, ingawa nje hutaona tone.

Uvujaji wa nje hujificha pahala pawili. Chini, vuta kifuniko cha raba cha silinda: kikitoa majimaji, raba imekwisha. Ndani ya gari, fuata fimbo ya pedeli kwa kidole hadi inapoingilia ukuta wa injini. Kidole kikirudi na mafuta, masta imekwisha. Mafuta hayo hula rangi, osha kwa maji mara moja.

Kutoa hewa kunahitaji watu wawili, spana namba 8 au 10, mrija mwembamba unaoonyesha ndani na chupa. Jaza kikopo. Chomeka mrija kwenye nipo (kinati cha kutolea hewa) ya silinda ya chini, upande wake mwengine uzame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Wa ndani anapampu mara tatu na kushikilia chini, anasema "nimeshika". Wa chini anafungua nipo nusu mzunguko, mapovu yanatoka, anaifunga, ndipo anasema "achia". Mpangilio huo usivurugwe: pedeli ikiachiwa nipo ikiwa wazi, inavuta hewa upya na kazi yote inarudi mwanzo. Endelea mpaka mrija upite mafuta matupu, na usiache kikopo kikauke. Kwa kawaida chupa ya nusu lita inatosha na kubaki.

Hewa ikishatoka na gia bado ni ngumu, mtu akanyage klachi wakati wewe unaangalia vitu viwili. Kwanza mpira mfupi unaoshuka kwenye silinda ya chini: ukivimba kama puto anapokanyaga, nguvu inaishia humo. Pili, ukuta wa bati ambapo masta imefungwa. Chumvi ya bahari hula bati, na gari iliyoishi Nungwi au Wete ufukweni inaweza kuwa na ufa usioonekana mpaka pedeli ikanyagwe, ukaona masta nzima inasogea mbele pamoja na bati lake. Hapo hakuna silinda mpya itakayosaidia. Ni kuchomelea na kutia kipande cha bati nene.

Mwisho pima fimbo ya silinda ya chini kwa rula. Kwenye gari nyingi ndogo inapaswa kutoka sentimita moja na zaidi. Ikitoka ya kutosha lakini klachi bado inaburuza, upande wa mafuta hauna kosa. Uma wa klachi (mkono unaosukumwa na fimbo hiyo) umepinda, au tatizo liko kwenye pleti, sahani ya klachi yenyewe.

Klachi ya kebo

Keri nyingi hutumia kebo. Faida yake ni moja: inaonekana. Sukuma pedeli kwa kidole uone mchezo wake kabla haijawa nzito. Gari nyingi za kebo hutaka milimita 15 hadi 25 hivi, lakini kitabu cha gari yako ndicho chenye neno la mwisho. Mchezo ukizidi, klachi haiachii yote. Kaza nati iliyo mwisho wa kebo, upande wa giaboksi, nusu mzunguko kwa mara moja na upime tena. Usikaze mpaka mchezo uishe kabisa, kosa ambalo hufanywa sana. Gia zitalainika siku hiyo, lakini rilizi beringi (beringi inayoachisha klachi) itazunguka muda wote na pleti itaanza kuteleza, hasa kwenye vilima vya Pemba ambako inabeba mzigo mkubwa zaidi.

Kebo ikiwa nzito na pedeli inarudi kwa uvivu, ichomoe miisho yote miwili na uivute kwa mkono. Ikikwaruza ndani, nunua mpya. Kumimina oili ndani ya kebo yenye kutu kunanunua wiki mbili, si zaidi.

Gari iliyolala muda mrefu karibu na bahari ina ugonjwa wake: pleti hugandana na flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na injini) kwa kutu. Pedeli ni ya kawaida, mafuta yapo, lakini klachi haiachii hata chembe na gia haziingii kabisa injini ikiwaka. Pasha injini moto, izime, ingiza namba mbili, nenda uwanja mtupu, kanyaga klachi na uwashe injini hivyo hivyo, gari itaondoka. Ukiwa bado umeshikilia klachi chini, kanyaga na uachie mafuta kwa kushtua mpaka pleti ibanduke. Ukitaka kusimama, zima ufunguo. Kazi hii haifanyiki barabarani wala mtaani penye watoto.

Liva na kebo za gia

Ikiwa gia ni ngumu hata injini imezimwa, tikisa liva kushoto na kulia ikiwa frii. Ikicheza kama kijiko ndani ya kikombe, vibushi vya chini vimekwisha. Ni vitu vidogo vya bei nafuu, na vikisagika, liva haifikii tena upande wa rivasi au wa namba tano.

Gari zenye kebo za gia hupimwa kwa njia ambayo mafundi wengi huiruka. Chomoa miisho ya kebo kwenye giaboksi na usukume mikono midogo ya giaboksi kwa mkono wako. Ikienda laini na kwa mlio safi wa "tak", giaboksi ni nzima na kebo ndizo mbovu. Angalia pia mauntini (raba zinazoshikilia injini): ikivunjika moja, injini hulala upande na kuvuta liva pamoja nayo, hasa kwenye gari zinazotumia fimbo badala ya kebo.

Oili ya gia

Mitandao ya nchi za baridi itakwambia gia ngumu asubuhi ni kawaida, oili imeganda. Hapa haigandi. Keri ikiwa ngumu saa moja asubuhi pale Mwanakwerekwe, Unguja, ujue kuna mtu alimimina oili nzito ya 140, ile ya difu (gia za ekseli). Giaboksi nyingi za gari ndogo zinataka 75W-90, na kwenye chupa tafuta maandishi GL-4. Ile ya GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu. Ni telezi mno kwa singi za shaba, ambazo hufanya kazi kwa kusugua, na baadhi ya kemikali zake huweza kuila shaba hiyo. Itumie tu kama kitabu cha gari kinairuhusu.

Kabla ya kumwaga, fungua kwanza nati ya kujazia. Hili si la kubishaniwa: ukimwaga oili kisha ukakuta nati ya juu imeshika kutu na haifunguki, gari haitoki hapo. Mwaga ikiwa na moto kidogo, na soma kinachotoka. Rangi ya chai ya maziwa ni maji, yaliyoingia kwa kupita kwenye madimbwi ya masika hadi tundu la kupumulia likazama. Ute wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni kawaida. Vumbi linalong'aa kama dhahabu ni singi zinazosagika. Kipande cha chuma unachoweza kukishika kwa kucha ni jino.

Jaza gari ikiwa imelala sawa, mpaka oili ifike ukingoni mwa tundu na ianze kudondoka. Gari ndogo nyingi hula baina ya lita 1.3 na 2.5. Oili chafu usiimwage mtaroni wala shimoni. Maji ya visima vyetu yako chini ya mawe hayo hayo.

Gia moja tu

Namba mbili ndiyo huchakaa mwanzo, kwa kuwa ndiyo inayobeba tofauti kubwa ya mwendo na ndiyo inayoshindiliwa kwa pupa. Ipime kwa klachi mbili: ukitoka tatu kwenda mbili, kanyaga klachi, weka frii, achia, gusa mafuta, kanyaga tena, ingiza. Ikiingia laini kwa njia hiyo na kukataa kwa njia ya kawaida, singi ya namba mbili imekwisha. Unaweza kuendesha hivyo kwa miezi kadhaa ukijikusanya. Ikiwa inaruka yenyewe ukiachia mafuta, usisubiri.

Ikibidi ishushwe

Badilisha kwa pamoja pleti, presha pleti (inayoibana pleti) na rilizi beringi. Gharama kubwa ni kushusha. Kwenye Hiace, Escudo na keri, zungusha kwa kidole beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili. Ikiwa kavu au imekwama, hiyo pekee hutosha kuifanya klachi iburuze hata ikiwa mpya. Pleti ina upande wake, na maandishi au kitovu kirefu huonyesha upi unaelekea giaboksi, ikigeuzwa, haiachii.

Unapokwenda Darajani, sokoni mjini Unguja, chukua pleti kuukuu mkononi. Linganisha upana kwa milimita na uhesabu meno ya katikati. Kisha, giaboksi ikiwa bado iko chini, ivishe pleti mpya kwenye shafti kwa mkono: iteleze mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Ikikwama, irudishe dukani kabla haijaguswa na grisi, kwa sababu ikishachafuka hawaipokei.