Somo: Kuendesha warsha ya maigizo na filamu kwa vijana wakimbizi wa jamii mbalimbali

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya walimu, wasanii na maofisa ustawi wa jamii wanaokusudia kuwakutanisha vijana wa mataifa na lugha tofauti, kama ilivyo katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, wanakoishi Wakongo na Warundi, au Kakuma, kaskazini mwa Kenya, iliyoanza mwaka 1992. Jambo moja liongoze hatua zote: kijana aliyeumizwa asidaiwe kidonda chake ili warsha ipate hadithi. Apewe mhusika wa kubuni wa kumsemea, na picha itakayopigwa ibaki chini ya mamlaka yake.

Hatua ya kwanza: ridhaa na ratiba

Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, kwa hiyo mzazi au mlezi ni lazima aombwe ruhusa. Hata hivyo saini ya mlezi haitoshi. Kijana mwenyewe aulizwe mara tatu: kabla ya kujiunga, kabla ya kurekodiwa, na baada ya kuiona kazi iliyokwisha kuhaririwa. Ratiba nayo ipangwe pamoja na wasichana, kwa sababu saa ya kuteka maji na kutafuta kuni ikigongana na warsha, watakaokosekana ni wao.

Hatua ya pili: mwili utangulie maneno

Ukianza kwa mazungumzo, wenye Kiswahili chepesi watatawala, na anayefikiri kwa Kirundi au Kisomali ataonekana hana la kusema. Anza na picha za mwili: kila kikundi kitengeneze sanamu isiyosema, kwa mfano ya neno "nyumbani" au "foleni", kisha wengine waeleze wanachokiona kabla ya wenye sanamu kujieleza. Epuka mazoezi ya kugusana hadi ujue mila za washiriki wote. Zoezi la kioo, ambalo mmoja huiga mienendo ya mwenzake kwa mbali, linatosha.

Usiharakishe kutafsiri unachokiona. Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil, anasimulia kisa cha mradi wa kisomo nchini Peru mwaka 1973, ambapo washiriki walipewa kamera na kuombwa kujibu maswali kwa picha. Walipoulizwa unyonyaji ni nini, mtoto mmoja alileta picha ya msumari uliopigiliwa ukutani. Wakubwa hawakuelewa, lakini watoto wang'arisha viatu wa Lima walielewa mara moja: wao walikodi misumari ya wenye maduka ili watundike masanduku yao, wasiyabebe kila siku kwenda na kurudi makwao pembezoni mwa jiji. Mwezeshaji mgeni angeitupa picha ile.

Hatua ya tatu: kisa cha kubuni

Usiulize, "Wewe ulipatwa na nini?" Uliza, "Kijana kama huyu anaweza kukutana na nini, na nani anaweza kumzuia au kumsaidia?" Vijana wampe mhusika jina, umri na anachokitaka, lakini jina lisiwe la mtu yeyote aliyemo kambini.

Hatua ya nne: onyesho la mjadala

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Igizo fupi lichezwe hadi mwisho wake mbaya, kisha lirudiwe, na safari hii mtazamaji yeyote aruhusiwe kusema "Simama!", aingie jukwaani, achukue nafasi ya anayeonewa na ajaribu njia nyingine. Katika utaratibu huu wa Boal, asiruhusiwe kuchukua nafasi ya mwonevu, kwa kuwa afisa mkorofi akigeuka mwema ghafla, hakuna aliyejifunza namna ya kumkabili afisa asiyegeuka. Mwongozaji asimsifu wala kumkosoa mtu. Aulize tu hadhira kama njia hiyo inawezekana, na gharama yake ni ipi.

Hatua ya tano: kamera

Simu ya kawaida inafaa. Ishikwe kwa ulalo, msemaji awe karibu, na upepo ukingwe, maana sauti mbovu huharibu filamu kuliko picha mbovu. Majukumu yazunguke kila siku, kwani bila hivyo wavulana watashika kamera na wasichana watabaki kuigiza.

Hatua ya sita: kuonyesha

Katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, mwaka 1967, watengenezaji filamu waliwaonyesha wakazi picha zao kwanza na kuomba idhini yao kabla ya kuzipeleka kwingine. Fuateni mpangilio huo: washiriki, kisha wazazi, kisha watu wa nje, na atakayekataa aondolewe kwenye filamu bila kudaiwa sababu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu wa sekondari, Kigoma: Shikamoo, mwalimu. Wasichana wangu hunyamaza wavulana wakiwapo. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Watenge kwanza, wakutanishe baadaye. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 na Penina Mlama na Amandina Lihamba, uliwapa wasichana nafasi ya kubaini matatizo yao wenyewe, kuyachambua na kuyatungia igizo, ndipo wakasimama mbele ya walimu na jamii ya shule. Nguvu yao ilitoka katika maandalizi hayo.

Msanii, Nakuru: Mshiriki akianza kulia katikati ya igizo?

Jibu: Sitisha igizo na uzime kamera. Mshauri nasaha ambaye vijana wanamfahamu akae karibu naye, huku kikundi kikiendelea na zoezi jepesi ili asitazamwe. Kama huna mshauri, ahirisha warsha hadi umpate.

Mratibu wa mradi, Bujumbura: Mfadhili wetu anataka visa vya kweli vyenye nyuso. Tumjibuje, ndugu?

Jibu: Mkatalieni kwa heshima na kwa maandishi, ndugu yangu. Mpeni filamu ya kubuni iliyoridhiwa, pamoja na picha za mikono na migongo wakati wa mazoezi. Kama mkataba umekwisha kusainiwa, ombeni nyongeza inayotaja haki ya kijana kujiondoa, na kamera zisiwashwe kabla nyongeza hiyo haijasainiwa.