Rudisha pistoni kabla ya kuchomoa pedi za zamani

Unapobadilisha pedi za breki za diski za hidroliki kwenye baiskeli ya milimani, usikimbilie kuzichomoa zile kuukuu. Toa gurudumu, penyeza bisibisi bapa katikati ya pedi hizo, uzitanue taratibu mpaka pistoni (vipande vya duara vinavyosukuma pedi) zirudi ndani kabisa. Kadiri pedi zinavyolika, pistoni husogea mbele kufidia. Ukiziacha hapo, pedi mpya, ambazo ni nene, zitabana na diski haitapata pa kupita. Na kwa nini utumie za zamani? Kwa sababu bisibisi itakwaruza kitu cha kutupwa, si pistoni, ambazo nyingine ni za kauri na hupasuka upesi. Gurudumu likiwa nje, mtu yeyote asibonyeze mkono wa breki.

Pedi mpya zishike kingoni tu. Mafuta ya vidole au ya mnyororo yakigusa uso wake, breki hupiga kelele na kukosa nguvu, na kuyatoa ni kazi ngumu mno. Diski nayo ipanguse kwa spiriti. Pini ya kushikilia pedi irudi pamoja na kibanio chake.

Ukisharudisha gurudumu, bonyeza mkono wa breki mpaka uwe mgumu. Kisha nenda mahali tambarare, kimbiza baiskeli kiasi, shika breki mpaka ukaribie kusimama, achia. Rudia kama mara 20. Tafadhali usiteremke mlima kabla ya hapo, maana pedi mpya bado hazishiki vizuri.