Kumwandika mtegeaji: mhusika anayecheza kwa siri saa za kazi

Hadithi za mtu anayecheza bao huku kazi inamngoja huharibika mahali pamoja: mwandishi ameuandika mchezo vizuri na kuisahau kazi. Kete zinalia, watu wanacheka, tajiri anatokea, kila mtu anatimka. Msomaji anatabasamu kidogo na kufungua ukurasa mwingine, maana hajui ni kazi gani iliyoachwa, imebaki kiasi gani, wala itaharibika saa ngapi. Ukiandika hadithi fupi, mchezo wa redio au katuni ya Lamu yenye mtegeaji ndani yake, anza na kazi.

Mpe kazi inayosikika

Kazi bora kwa hadithi ya aina hii ni ile yenye sauti. Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, kwa mafundi wa majahazi, mpiga kalafati hushindilia pamba kwenye mianya ya mbao kwa patasi na nyundo, na mlio wake hufika mbali. Ukikatika, fundi hana haja ya kuja kuchungulia. Kimya chenyewe kimeshamwambia.

Mtegeaji mjanja atamwita mtoto agonge ubao badala yake. Mwache afanye hivyo, kwa sababu hapo ndipo utakapomnasa: pamba inavyozidi kukaza, mlio wa nyundo hubadilika ukawa mkavu, lakini mtoto anayegonga ubao mtupu mlio wake ni ule ule tangu asubuhi. Fundi mwenye masikio ya kazi atajua. Na hata asiposikia, jioni kuna pamba. Mhusika wako akipewa mabonge manne asubuhi na yakabaki matatu jioni, hakuna uongo utakaoyapunguza. Taja mabonge hayo manne mapema, kwa sentensi moja tu, kisha usiyataje tena mpaka jioni.

Kazi nyingine zina ushahidi wa aina yake. Mchonga nakshi huacha vipande vya mbao miguuni. Sakafu safi ni kosa. Kibarua wa ujenzi ana adui mkali zaidi, yaani saruji. Udongo wa saruji uliokaa juani kama saa moja na nusu huwa umeanza kukaza, na akiongeza maji ili ulainike anaudhoofisha ukuta. Chokaa humvumilia mtegeaji, saruji haimvumilii. Basi kama unataka adhabu imfikie kabla ya adhuhuri, mpe saruji.

Mchukuzi wa mchanga kwa punda huhesabiwa safari. Akimfunga punda kivulini na kuketi kucheza, hesabu imesimama. Asipomfunga, punda aliyezoea njia anaweza kurudi kwao peke yake, shogi tupu mgongoni, na kumshitaki mwenyewe bila kutamka neno. Kichekesho hicho ni kizuri, lakini kina nguvu mara moja tu; punda wa pili hachekeshi.

Katika hadithi ya maneno 1,500, toa maneno 300 hadi 400 kwa kazi kabla kete ya kwanza haijatiwa. Msomaji awe amejua kazi ni ipi, imebaki kiasi gani, na ikichelewa ataumia nani. Huyo wa kuumia asiwe tajiri peke yake. Jahazi lisilopigwa kalafati vizuri humvujia baharia ambaye wala hakuwepo.

Mchezo gani unafichika

Dhumna haifichiki. Seti ina vipande 28, wachezaji wanne huchukua saba saba, na nusu ya utamu wake ni kukipiga kipande mezani kwa kishindo. Waandishi wanaowaficha wacheza dhumna chumba cha pili kutoka kwa tajiri wanaandika jambo lisilowezekana. Kama ni lazima, wachezee juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, na mmoja wao ashindwe kujizuia anapofunga mchezo. Faida ya dhumna ni nyingine: kipande kimoja kikisahaulika mfukoni mwa mtu, vilivyobaki ni 27, na mchezo mzima umekwama. Kipande cha sita-sita kikianguka kutoka kwenye shati mbele ya fundi, hakuna la kueleza.

Karata hazina kelele na hujificha kiganjani. Shida yake Lamu ni upepo. Ukiweka tukio gatini mwezi wa Julai, kusi inavuma, na kila karata itataka jiwe juu yake. Waingize ndani, au wape jiwe na ulitumie: mtu anayetembea na vijiwe vinne mfukoni anaulizwa vya nini.

Simu ndiyo rahisi kufichwa na ndiyo ngumu kuandikwa, kwa kuwa kwa nje hakuna kinachotokea zaidi ya kidole gumba. Tumia kasoro zake. Juani skrini haisomeki, kwa hiyo mchezaji huinamia kivuli cha mkono wake mwenyewe, na mkao huo hauna kazi yoyote inayofanana nao. Gizani mwanga humpiga usoni. Tangazo la biashara huzuka kwa sauti katikati ya mchezo. Chaji huisha kabla ya saa sita, na simu yenyewe huweka rekodi ya programu iliyoila. Lililo bora kuliko yote: tajiri anapiga, jina lake linaufunika mchezo, na kidole kilichokuwa mbioni kinabonyeza pekundu. Ameshamkatia tajiri simu. Usimwandikie majuto hapo, mwandikie sekunde kumi za kufikiri kama ampigie au la.

Bao, na jinsi ya kupimia muda kwa kete

Bao ndilo lenye utajiri mkubwa kwa mwandishi, na ndilo wengi hulikosea. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, aghalabu mbegu za komwe. Kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba (shimo lake maalumu), kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kuliani, na kete 22 zilizobaki mkononi.

Zile 22 ndizo saa yako. Wakati wa kunamua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, kila zamu huingiza kete moja tu ubaoni. Mhusika mwenye kete 20 mkononi ameanza sasa hivi. Mwenye tatu yuko karibu kuingia mtaji, hatua ya pili ambapo kete zote zimo ubaoni, na hataki kuondoka hata nyumba ikiungua. Huna haja ya kuandika “muda ulipita.” Andika kete zimebaki ngapi. Na ukiandika zimebaki tisa, zamu inayofuata ziwe nane. Msomaji wa Lamu atakuhesabia.

Kosa la kawaida ni kumfanya anayeanza ale kete za mwenzake papo hapo. Haiwezekani. Mwanzoni mashimo yake yenye kete yanatazamana na mashimo matupu ya mpinzani, kwa hiyo zamu ya kwanza ni ya kutakata tu, yaani kusambaza kete bila kula. Kosa jingine ni kuandika mizunguko mirefu ya kete shimo kwa shimo. Eleza zamu tatu kwa tukio zima, si zaidi: moja ya kuonyesha anajua, moja ya kuonyesha tamaa, na ile iliyokatizwa.

Ya kukatizwa iweke kwenye mtaji. Hapo mchezaji anapokusanya kete na kuzisambaza, ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete anaendelea, ikiangukia tupu analala. Mpaka alale, mkono wake si wake. Fundi anaita, na kete bado zinazunguka. Hakuna mchezo mwingine unaokupa mtu aliyefungwa namna hiyo kwa sheria ambayo hakuna anayemlazimisha kuifuata.

Ubao wenyewe ni gogo zito, haufichwi chini ya mto, na ukipinduliwa kete zinatapakaa. Wahusika wasio na pa kuuficha huchimba mashimo mchangani. Hapo kumbuka kwamba mchanga mkavu hubomoka. Mashimo husimama kwenye mchanga wenye unyevu, yaani karibu na maji, na maji yatarudi.

Pa kujificha, na nani aangalie njia

Uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, si mahali pa siri. Bao na dhumna huchezwa pale hadharani, na mtu mwenye kazi akionekana ameketi, habari itamtangulia kurudi kazini. Daka, yaani baraza ya mlangoni, nalo liko wazi kwa kila apitaye. Pazuri ni kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba ya kale: njia ya kuingilia hupinda, aliye nje haoni kitu, lakini sauti hutoka. Hivyo una watu wasioonekana ila wanasikika, na hilo latosha kuendesha ukurasa mzima.

Mitaa ni myembamba na ina kona nyingi. Anayekuja haonekani mpaka yu hatua tano mbele yako, kwa hiyo mlinzi wa njia hutumia masikio. Mpe kazi hiyo muuza kahawa, ambaye kugonganisha vikombe ndiyo biashara yake: mlio wa kawaida, shwari; mlio wa haraka mara tatu, inukeni. Kisha siku moja apate mteja wa kweli mwenye haraka. Paka tumeshawachoka. Lamu ina paka wengi, na waandishi wamewapa wote kazi ya kuangusha kitu.

Watazamaji wasisahauliwe. Bao halichezwi bila mtu wa pembeni anayejua zaidi ya wachezaji, na huyo hawezi kunyamaza. Siri inajulikana na mtaa mzima isipokuwa mtu mmoja, na kazi yako ni kueleza kwa nini huyo mmoja bado hajaambiwa.

Maji na adhana

Anayepakia jahazi husubiri maji yajae, na kusubiri huko ndiko kisingizio bora kuliko vyote, kwani ni cha kweli. Ila kina hesabu. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kama Jumatatu yalijaa saa nne asubuhi, Jumanne ni karibu saa tano kasoro dakika kumi. Mtegeaji anayesema “nasubiri maji” saa ile ile siku tatu mfululizo anaweza kumdanganya karani kutoka bara. Nahodha hamdanganyi.

Adhana ya adhuhuri inaingia kati ya saa sita na saa sita u nusu, kutegemea mwezi, na misikiti ni mingi kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema hakusikia. Usimpe mtegeaji uongo wa “nilikwenda kuswali.” Ni mzito mno kwa kichekesho, na tajiri naye alikuwa msikitini. Afadhali wakutane kwenye safu moja, bega kwa bega, mmoja akiwa na mfuko uliojaa komwe na rukuu inakuja.

Kukamatwa

Andiko hili ni dhaifu: “Shee alicheza kwa furaha kubwa bila kujua kwamba fundi alikuwa amesimama nyuma yake.” Msomaji ameambiwa furaha na ameambiwa hatari, hakuachiwa kitu. Linganisha:

Nyundo ilikuwa imenyamaza. Shee alikuwa na kete tatu mkononi.

“Shee!”

“Naam, fundi.”

“Pamba imekwisha?”

“Bado, fundi.”

“Basi nyundo ndiyo iliyokwisha? Ndoo hapa.”

Shee alikuja. Fundi alimtazama mikono, mitupu yote miwili.

“Ulikuwa ukifanya nini, mwanangu?”

Shee hakujibu. Kete tatu zilikuwa mdomoni.

Fundi hakupaza sauti na hakumwita mvivu. Alisema “mwanangu,” neno ambalo kwa kibarua aliyekosa ni zito kuliko tusi. Kiamu, lahaja ya Lamu, kimeingia kwa neno moja, “ndoo,” yaani njoo; maneno mawili matatu ya namna hiyo yanatosha. Ukijaza kila sentensi, msomaji wa Nairobi atachoka na Mwamu ataanza kukusahihisha.

Ule mwisho ambapo tajiri anaketi na kuumalizia mchezo yeye mwenyewe umechakaa. Ukiupenda kiasi cha kushindwa kuuacha, panda mbegu yake mapema: tajiri apite karibu na bao mara mbili na asitazame, kama mtu aliyeapa kuacha.

Ukihamia Malindi

Malindi kazi hupimwa kwa fedha na kwa kuwepo. Dereva wa tuktuk ana hesabu ya kumpelekea mwenye chombo jioni. Akicheza, anapitwa na zamu yake kwenye foleni, na pesa inayopungua lazima itoke mahali. Andika kiasi cha hesabu mwanzoni na kila abiria anayemkosa, kisha mwache msomaji ajumlishe.

Mlinzi wa usiku ni mgumu zaidi kwa kuwa kazi yake haina sauti. Wakati wa masika hoteli nyingi za pwani huwa zimefungwa, yuko peke yake na mtunza bustani, na dama ya vizibo vya soda, 12 vya kulala kifudifudi na 12 vya kulala chali, inaanza saa tatu. Siku hizi tajiri yuko Italia na ana kamera kwenye simu. Weka hesabu ya saa sawasawa: mwezi wa Juni Italia iko nyuma ya Malindi kwa saa moja, Januari kwa saa mbili. Kuzima taa hakuwasaidii, maana kamera nyingi za ulinzi huona gizani. Kitakachowasaidia ni kuijua pembe ambayo kamera haifiki, na pembe hiyo, ukichora ramani ya ua kabla ya kuandika, iweke mahali ambapo geti halionekani.