Vienna hadi Bratislava: chagua stesheni kwanza, usafiri baadaye

Wiki tatu zilizopita mama wa rafiki yangu, mgeni kutoka Bukoba, alikaa karibu saa tatu kwenye benchi la stesheni moja ya Bratislava huku binti yake akimsubiri kwenye stesheni nyingine ya mji huohuo, ng'ambo ya mto. Mimi ndiye niliyempandisha treni hapa Vienna. Safari hii nimeizoea mno, hata nikasahau kumweleza jambo moja tu, na ndilo hilo alilolihitaji. Naandika ili lisimkute mzazi wa mtu mwingine.

Vienna ni mji mkuu wa Austria, Bratislava ni mji mkuu wa Slovakia, na kati yake ni kilomita 60 hivi. Ndugu zetu wa Kongo watasema Kinshasa na Brazzaville zimekaribiana zaidi, na ni kweli, pale kuna mto tu katikati. Hapa una treni za njia mbili, mabasi, boti, gari, na baiskeli kwa wenye mapafu.

Hatua ya 1: Nyaraka

Nchi zote mbili zimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka ya kati yao, Slovakia tangu Desemba 2007. Kwa hiyo viza ya Schengen ya kuingia mara moja haiishi kwa sababu umevuka kwenda Bratislava na kurudi. Wageni wengi hulihofia hili na kujinyima safari bure. Isipokuwa kama viza yako imewekewa mipaka ya nchi fulani. Soma mstari wake wa juu unaotaja inatumika wapi.

Beba pasipoti yenyewe, si picha yake kwenye simu. Mara nyingi hakuna anayekusimamisha mpakani, ila ukaguzi huweza kuwepo wakati wowote, kama Austria ilivyourudisha kwenye mpaka huu Septemba 2022. Mwenye kibali cha ukaazi abebe kadi na pasipoti kwa pamoja. Na wewe unayesubiri uamuzi wa ombi lako la hifadhi, tafadhali usivuke, hata kwa matembezi ya saa mbili. Kadi ya mwombaji hifadhi haikuruhusu kutoka nje ya nchi, na kesi yako ni kubwa kuliko chakula cha mchana Bratislava.

Hatua ya 2: Jua unashukia upande gani wa mto

Hapa ndipo penye kazi yote, kwa hiyo nitakaa.

Treni za Bratislava huondoka Wien Hauptbahnhof, stesheni kuu ya Vienna. (Wien ndiyo Vienna kwa Kijerumani, usitafute neno Vienna kwenye vibao.) Zote mbili zimeandikwa Bratislava, zote huchukua takriban saa moja, ila haziendi mahali pamoja.

Ya kwanza hupita Marchegg, kaskazini ya mto Danube, na kuishia Bratislava hlavná stanica, yaani stesheni kuu ya Bratislava. Kwenye ratiba utaiona imefupishwa "hl.st." Iko upande wa mji mkongwe. Ukitoka nje unapata tramu na mabasi, au unateremka kwa miguu hadi katikati ya mji.

Ya pili hupita Kittsee, kusini ya mto, na kuishia Bratislava-Petržalka. Petržalka ni mtaa mkubwa wa maghorofa ulio ng'ambo ya Danube. Ukishuka hapo, ili ufike mji mkongwe lazima uvuke daraja kwa basi la mjini.

Sasa ona kosa linavyozaliwa. Nilimwambia Mama, "Binti yako atakuwa stesheni kuu." Yeye alikuwa amesimama kwenye stesheni kuu ya Vienna, kwenye kibao pameandikwa Bratislava, akapanda treni iliyokuwa inaondoka mapema, ya Petržalka. Alipofika mwisho wa njia abiria wote wakashuka, naye akashuka, akaona neno Bratislava ukutani, akajua amefika. Laini yake ya nyumbani haikuwa na mtandao huku. Binti yupo hlavná stanica anahesabu treni. Mama akakaa kwa utulivu, maana aliambiwa asubiri pale atakaposhuka. Tulipompata aliniambia kwa simu ya binti, "Mwanangu, mimi sikupotea, nilifika." Na alikuwa amefika kweli.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kugusa tiketi:

Muulize mwenyeji wako anakaa mtaa gani, si anakaa mji gani. Akikaa Petržalka, na wanafunzi wengi hupanga huko, treni ya Kittsee ndiyo yako, na ya Marchegg itakuzungusha. Akikaa upande wa mji mkongwe, chukua ya Marchegg. Ukiwa mtalii tu, nashauri hlavná stanica, kwa sababu ukikosea kitu hapo bado uko mjini.

Kisha andika jina la stesheni kwa ukamilifu kwenye karatasi: "Bratislava hl.st." au "Bratislava-Petržalka". Usiandike "Bratislava" peke yake. Usiandike "stesheni kuu", maana stesheni kuu ziko mbili katika safari hii, moja kila nchi. Karatasi hiyo mpe msafiri mkononi, hasa kama ni mzee, na umwambie aionyeshe kwa kondakta kabla treni haijaondoka. Upande wa mwenyeji pia apewe jina lilelile na saa ya kufika.

Na jambo la tatu, ambalo hata wenyeji husahau: njia ya Marchegg imekuwa na ujenzi wa muda mrefu, na kuna siku treni hukatishwa na abiria kuhamishiwa mabasi. Angalia ratiba ya siku yenyewe unayosafiri kwenye programu ya ÖBB, shirika la reli la Austria, si ratiba uliyoiona mwezi uliopita. Ukiona neno Schienenersatzverkehr, maana yake ni basi badala ya treni. Siku kama hiyo mimi hupita Kittsee bila kufikiri mara mbili, hata nikienda mji mkongwe.

Kwa simu: laini ya nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya hutumika pande zote mbili bila gharama ya ziada ya kuvuka mpaka, tangu Juni 2017. Mgeni wa kutoka nyumbani mnunulie laini ya hapa siku ya kwanza. Ningefanya hivyo, benchi lile lisingekuwepo.

Hatua ya 3: Tiketi ya treni

Nunua kwenye programu ya ÖBB au mashine ya stesheni. Kuna tiketi maalumu ya kwenda na kurudi Bratislava; itafute kwanza kabla ya kununua tiketi mbili za kawaida, na usome kama inakuruhusu kurudi kwa njia nyingine. Wenye KlimaTicket ya Austria nzima (tiketi ya mwaka ya usafiri wa umma) mnalipia kipande cha upande wa Slovakia tu. Pesa usibadilishe, Slovakia inatumia yuro tangu 2009.

Basi na tramu za Bratislava tiketi yake ni ya muda. Ukinunua ya karatasi kwenye mashine ya kituoni, igonge kwenye kile kisanduku ukishapanda. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, na wakaguzi huvaa nguo za kawaida.

Hatua ya 4: Wakati basi linaishinda treni

Mimi ni mtu wa treni. Hainipi kichefuchefu, haikwami kwenye foleni, na mtoto anaweza kutembea. Lakini kuna safari moja ambayo nitakuambia panda basi bila kusita: ukitua na ndege.

Uwanja wa ndege wa Vienna uko Schwechat, kusini-mashariki ya mji, yaani tayari uko upande wa kuelekea Bratislava. Mgeni wako akija na Ethiopian kutoka Addis Ababa atatua hapo. Ukimpeleka kwanza katikati ya Vienna ndipo apande treni, unamrudisha nyuma na mabegi yake yote. Basi huondoka nje ya uwanja na kwenda Bratislava moja kwa moja; FlixBus wapo, na kampuni nyingine pia. Kituo kikubwa cha mabasi cha Bratislava kinaitwa Nivy, kiko upande wa mji mkongwe. Mengine husimama pia karibu na daraja la Most SNP, lile lenye mgahawa wa duara juu ya mnara. Soma jina la kituo kwenye tiketi, kwa sababu ileile ya Hatua ya 2.

Chukua tiketi inayoacha nafasi ya saa mbili baada ya kutua. Foleni ya uhamiaji haina huruma na basi halisubiri.

Hatua ya 5: Boti, gari, baiskeli

Boti ya Twin City Liner huondoka Schwedenplatz, katikati ya Vienna, na kukushusha jirani na mji mkongwe kwa dakika 75 hivi. Kurudi ni polepole zaidi kwa kuwa inapanda mto. Bei yake iko juu na majira ya baridi haifanyi kazi. Kwa wazazi waliokuja kutembea, nalipa kwa moyo mmoja, upande wa kwenda tu, kurudi ni treni.

Gari: kila nchi ina ada yake ya barabara kuu, na ya Slovakia hulipwa kwenye mtandao. Lipa zote mbili kabla ya kuondoka. Gari la kukodi, uliza kwanza kama linaruhusiwa kuvuka.

Baiskeli: njia inafuata Danube kupita Hainburg, tambarare karibu yote.

Hatua ya 6: Kurudi

Upande wa Slovakia usitafute neno Vienna kwenye ratiba. Tafuta Wien Hbf (Hbf ni ufupisho wa Hauptbahnhof) au Viedeň, ndiyo Vienna kwa lugha yao. Mama nilimwandikia majina hayo mawili nyuma ya karatasi yake, akasimama hlavná stanica akiyaoanisha herufi kwa herufi na kibao, na Jumapili saa kumi na moja jioni nikampokea Wien Hauptbahnhof akishuka na mfuko wa maandazi ya binti yake.