SOMO: Jinsi ya kuchagua shirika la ndege kwa safari ndefu ya kimataifa (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali la "shirika gani zuri kwa safari ndefu" linarudi kila mara, na majibu huwa yale yale: huyu anasifia chakula, yule analalamikia ucheleweshaji, muulizaji anaondoka kama alivyokuja. Jina la shirika peke yake halikuambii mengi. Shirika hilo hilo linaweza kurusha ndege mpya kwenye njia moja na ndege yenye viti vya kubana kwenye njia nyingine. Kinachoamua safari yako ni tiketi yenyewe: nani anarusha, mkataba ni mmoja au miwili, na ukiachwa na ndege nani anabeba msalaba. Nimeweka hatua zote mahali pamoja.

Hatua ya 1. Andika mahitaji yako kabla ya kufungua tovuti yoyote: tarehe, idadi ya mabegi na uzito wake, kama una mtoto, na saa ambayo ni lazima uwe umeshafika.

Hatua ya 2. Angalia pasipoti. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 ya uhai.

Hatua ya 3. Usalama. Fungua orodha ya Umoja wa Ulaya ya mashirika yaliyopigwa marufuku kwenye anga lake. Imekuwa ikitolewa tangu 2006 na iko wazi kwa kila mtu. Kisha angalia rejista ya IOSA, ukaguzi wa usalama unaosimamiwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Shirika kutokuwa kwenye IOSA si ushahidi kwamba ni baya, ila likiwa kwenye orodha ya Ulaya achana nalo hata kama nauli ni nusu.

Hatua ya 4. Linganisha nauli kwenye tovuti za kulinganisha, kisha nunua kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Ukinunua kwa wakala wa mtandaoni, mabadiliko na marejesho hupitia kwake. Siku ratiba inapobadilishwa, shirika litakwambia urudi kwa wakala, na wakala atakwambia anasubiri jibu la shirika.

Hatua ya 5. Nani anarusha, na tiketi ni moja au mbili?

Hii ndiyo hatua inayowaumiza watu wengi, kwa hiyo tulia nayo. Kuna mambo mawili tofauti ndani yake.

Kwanza, jina lililo kwenye namba ya safari si lazima liwe la mwenye ndege. Mashirika huuziana viti. Unanunua kwa A, unapanda ndege ya B, na kiti, chakula, kaunta na wahudumu vyote ni vya B. Kabla ya kulipa, fungua maelezo ya kila kipande cha safari utafute maneno "Operated by", yaani "inarushwa na". Shirika linalofuata maneno hayo ndilo unalopaswa kulichunguza kwenye hatua ya 3 na ya 7.

Pili, na hili ni zito zaidi: tiketi moja au mbili. Kwenye tiketi moja, vipande vyote viko chini ya mkataba mmoja. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaachwa na ya pili, mashirika yenyewe ndiyo yanayokutafutia nyingine bila kukudai nauli, na kwa kawaida begi hupigwa lebo hadi mwisho wa safari. Kwenye tiketi mbili, shirika la pili halijui wala halijali ulikuwa wapi. Kwake wewe ni abiria ambaye hakutokea. Kipande hicho kinapotea, na kama ilikuwa tiketi ya kwenda na kurudi, cha kurudi nacho hufutwa. Hata ndege ya kwanza ikifika kwa wakati, mara nyingi utalazimika kupita uhamiaji, kusubiri begi, kutoka nje na kuchekini upya. Maana yake unahitaji viza ya nchi ambayo ulidhani unapita tu. Na kaunta za safari za kimataifa kwa kawaida hufungwa kama dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, kwa hiyo saa 3 ulizoziona kwenye skrini ni 2.

Tahadhari za hatua hii:

- Wakala wengine wa mtandaoni hufunga tiketi mbili za mashirika yasiyohusiana na kuziuza kama safari moja. Ukiona "Self-transfer", yaani unajihamisha mwenyewe, ndiyo hiyo. "Dhamana" inayotajwa pale ni ya wakala, shirika la ndege halihusiki nayo.
- Soma namba ya tiketi. Ina tarakimu 13, na 3 za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian, 706 Kenya Airways, 157 Qatar Airways, 176 Emirates, 235 Turkish Airlines. Ukipewa namba mbili zenye mwanzo tofauti, una mikataba miwili. Ila safari ya vipande zaidi ya vinne hutolewa kwa namba mbili zinazofuatana. Hiyo ni tiketi moja, usitishike.
- Linganisha herufi za uwanja unaoshukia na unaopandia. London ina LHR na LGW, Paris ina CDG na ORY, Tokyo ina NRT na HND. Kuhama uwanja ni kuingia nchini, na kuingia nchini ni viza.
- Ukipita Marekani, unapitia uhamiaji hata kama unaelekea nchi nyingine, kwa hiyo unahitaji viza au ESTA (idhini ya mtandaoni kwa raia wa nchi zilizosamehewa viza), na kwa kawaida unachukua begi kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia. Baadhi ya nchi za Schengen (nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja) nazo zinadai viza ya kupita uwanjani kwa wenye pasipoti fulani, hata wasipotoka nje. Thibitisha kwa ubalozi wa nchi unayopitia, si kwa muuza tiketi.

Hatua ya 6. Muda kati ya ndege na ndege. Kila uwanja una muda wa chini unaokubalika wa kuunganisha, na mfumo unaweza kukuuzia dakika 60 bila kuvunja sheria yoyote. Kwa tiketi moja mimi napendekeza saa 2 hadi 3. Kwa tiketi mbili, saa 5 kwenda juu, au ulale pale kabisa. Halafu angalia jambo ambalo wengi hawaliangalii: njia hiyo ina safari ngapi. Ukiachwa na shirika lenye safari tatu kwa siku, unasogezwa kwa saa chache. Ukiachwa na lenye safari tatu kwa wiki, wanaweza kukosa pa kukuweka hadi keshokutwa. Epuka pia kuunganisha na ndege ya mwisho ya siku.

Hatua ya 7. Ndege na kiti. Aina ya ndege huandikwa kwenye maelezo ya safari, kisha fungua ramani ya viti uhesabu viti kwa mstari. Boeing 777 yenye viti kumi, yaani 3-4-3, ina viti vya upana wa inchi 17 hivi. Yenye tisa inapita 18. Airbus A350 yenye tisa ni kama inchi 18, ingawa mashirika machache huweka kumi. Boeing 787 yenye tisa ni 17 hivi. A330 nyingi ni 2-4-2, na hiyo inawafaa wanaosafiri wawili, maana hakuna mgeni wa kuruka magoti yake mkienda chooni. Kwa safari ya saa kumi na zaidi, inchi moja ya bega utaihisi kuliko skrini kubwa. 787 na A350 zina faida nyingine: shinikizo la hewa ndani hulingana na kimo cha mita 1,800 hivi, wakati ndege nyingine hufika hadi 2,400, na hewa yake haikaushi koo sana.

Hatua ya 8. Mizigo. Kuna mfumo wa vipande (idadi ya mabegi, kila moja na kikomo chake) na mfumo wa uzito (jumla ya kilo). Vipande 2 vya kilo 23 si kilo 46 za kupanga utakavyo: begi moja la kilo 30 utalipia uzito wa ziada hata kama la pili hulichukui. Zaidi ya kilo 32 kwa begi moja kwa kawaida hawapokei kabisa. Nauli za chini zinazoitwa "Light" au "Basic" mara nyingi hazina begi la chini, yaani lile unalokabidhi kaunta, kwa hiyo linganisha bei baada ya kuongeza mzigo.

Hatua ya 9. Soma masharti ya kubadilisha na kurejeshewa, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, lipa.

---

MASWALI

Ngoja Kidogo: Mkuu somo zuri ila ni refu. Kwa kifupi shirika gani bora?

Jibu: Hatua ya 5 na ya 7. Sitaji jina bila kujua njia, tarehe na mzigo wako.

Kiti cha Dirishani: Asante sana mkuu. Kama tiketi ni moja lakini mashirika ni mawili, begi likipotea namdai nani?

Jibu: Swali zuri. Ripoti kwa shirika la mwisho ulilopanda, kabla hujatoka eneo la mizigo, na usiondoke bila namba ya ripoti. Kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, unaweza kudai shirika la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa na begi lilipopotea. Begi likiharibika, peleka malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likipita siku 21 bila kufika, una haki ya kulidai kama lililopotea. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kikomo cha fidia ni SDR 1,519, kizio cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na ni kwa abiria, si kwa begi. Tunza lebo na risiti za vitu ulivyolazimika kununua. Piga picha begi likiwa wazi kabla ya kulifunga.

Mzee wa Promo: Unatisha watu bure. Mimi nanunua tiketi mbili tofauti, dakika 90 katikati, sijawahi kuachwa.

Jibu: Sijasema kila mtu ataachwa. Nimesema ukiachwa unanunua tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo. Kama unasafiri na begi la mkononi tu, huhitaji viza na mfuko unaruhusu, ni uamuzi wako. Usimshauri hivyo mtu mwenye mabegi mawili na watoto.

Mama Wawili: Samahani kaka, nina mtoto wa miezi 22, tunarudi baada ya miezi mitatu. Kitanda cha ukutani napataje?

Jibu: Dada, angalia umri kwanza. Atatimiza miaka 2 kabla ya kurudi, kwa hiyo kurudi atahitaji kiti chake mwenyewe. Waambie wakati wa kununua. Kuhusu kitanda, hufungwa kwenye ukuta ulio mbele ya safu ya kwanza, ni vichache na vina kikomo cha uzito na urefu. Mtoto wa umri huo mara nyingi ameshavuka, hivyo uliza vipimo. Piga simu kwa shirika linalorusha, si lililokuuzia.

Kiti cha Dirishani: Mkuu, ile fidia ya Ulaya ya ucheleweshaji ina uzito kwenye kuchagua?

Jibu: Inao. Kanuni ya 261 ya 2004 inakulinda ukitoka Umoja wa Ulaya kwa shirika lolote, lakini ukiingia kutoka nje inakulinda kama anayerusha ni shirika la Umoja huo. Kwa umbali unaozidi kilomita 3,500 fidia ni euro 600 ukifika umechelewa saa 4 au zaidi; kati ya saa 3 na 4 inaweza kukatwa nusu. Hali mbaya ya hewa na sababu zilizo nje ya uwezo wao hazilipwi. Anayelipa ni anayerusha. Kwa hiyo kama mashirika mawili yana nauli sawa, hilo linaweza kuamua.

Njia Mkato: Tiketi inayopitia mji ninaoutaka ni rahisi kuliko ya kuishia pale. Nashuka katikati tu, si ndiyo?

Jibu: Begi litaendelea bila wewe, na vipande vyote vilivyobaki vitafutwa pamoja na cha kurudi.

Mzee wa Promo: Haya, hili je: pawabanki ya 30,000 inaruhusiwa?

Jibu: Begi la mkononi tu, kamwe si la chini. Chukua mAh, yaani namba ya uwezo iliyoandikwa kwenye pawabanki, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000, unapata Wh, kipimo cha nishati kinachotumiwa na mashirika. Kikomo cha kawaida ni 100. Ya 20,000 ni 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, na kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika mapema. Soma masharti ya anayerusha, maana yanazidi kukazwa: Emirates tangu 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria na huruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Kama maandishi ya uwezo yamefutika kwenye pawabanki, wanaweza kuichukua pale kwenye ukaguzi.